Tabaka Lisiloachwa Katikati

Koivula, Ontario
16 Januari 2012

Mdogo wangu Arvo,

Nimekupigia simu mara tatu, na mara tatu Marja amenijibu kwamba baba yake amelala. Mtu wa miaka sabini na miwili halali saa tano asubuhi isipokuwa ni mgonjwa, na Marja anasema huumwi. Kwa hiyo naandika. Barua haiambiwi kwamba umelala.

Huku tu wazima, isipokuwa uwanja wako wa barafu. Gordon Pelletier, uliyemwachia mpira wa kumwagia maji ulipohama, ni mwenyekiti mzuri wa kamati lakini kumwaga maji yagande barafu hajui. Jumanne alianza saa kumi jioni. Alipofika katikati ya uwanja akakumbuka kwamba kuna mechi kwenye televisheni, akafunga bomba, akaenda zake. Asubuhi tulikuta ukingo wa barafu kutoka ukuta hadi ukuta, mnene kama kidole gumba. Watoto walimsubiri mlangoni pa kibanda cha kuotea moto. "Bwana Pelletier, leo tunateleza au tunapanda ngazi?" Alicheka nao, mpaka binti wa mwenye duka alipojikwaa kwenye ukingo huo akavunjika jino la mbele. Tangu hapo hacheki.

Wakati wako jambo kama hilo halikutokea. Mtaa mzima tulikuwa tukikutazama. Taa ya jikoni kwenu inazimwa na kuwashwa mara mbili, maana yake mkeo Helmi ameshaweka kahawa mezani, na watoto wanapiga kelele: "Mzee, unaitwa!" Wewe hata shingo hugeuzi mpaka tabaka la maji limefika mwisho wa uwanja. Kwa miaka thelathini na mmoja ulikunywa kahawa iliyopoa, wala sikuwahi kumsikia Helmi akilalamika, ila kwangu.

Sasa jambo lenyewe. Majira ya baridi yameharibika. Wewe ulikuwa ukianza kumwaga katikati ya Novemba. Sisi mwaka huu tumepata siku kumi na tisa za barafu, nazo si za mfululizo. Kamati imeomba ruzuku ya jimbo na jimbo limekubali: zege chini, mabomba ya ubaridi ndani ya zege, na mashine ya kulainisha. Uwanja utabaki wazi kwa kila mtu, bila kiingilio, kama baba alivyotaka. Lakini baba aliutoa kwa mji kwa mdomo tu, hakuandika popote. Kisheria kiwanja ni changu na chako. Wanataka sahihi mbili kabla ya tarehe 31 Machi, la sivyo ruzuku itapelekwa mji mwingine, na baada ya miaka mitano hapa patakuwa na dimbwi. Yangu imo kwenye karatasi hizi. Weka yako chini yake, kwa wino, si kwa penseli.

Dada yako,
Sylvi Hautala


Victoria, British Columbia
27 Januari 2012

Dada Sylvi,

Barua nimepata. Karatasi ziko mezani.

Hapa inanyesha. Jana pia ilinyesha. Marja na mume wake wananitunza vizuri.

Mwambie Pelletier haya. Ardhi igande kwanza kina cha kiganja. Asimwage theluji inapoanguka, wala upepo ukivuma. Maji ya moto ni bora kuliko ya baridi. Arudi kinyumenyume, mpira chini, asinyunyize hewani. Tabaka jembamba, kisha jingine, kisha jingine. Mtu mwenye haraka akimwaga maji mengi kwa mara moja, juu hupata ganda na chini hewa, na mtoto huzama hadi kifundo cha mguu.

Akishaanza tabaka asisimame. Maji yaliyotangulia huganda kabla hajarudi, na ukingo hautoki mpaka majira yaishe. Asisimame kwa jambo lolote.

Nimechoka kidogo. Nitaandika siku nyingine.

Arvo


Koivula
9 Februari 2012

Mdogo wangu,

Hukuandika siku nyingine, na karatasi hazijaja. Lakini barua yako imefanya kazi kubwa kuliko ulivyodhani, basi nakusamehe kwa wiki moja.

Niliisoma kwa sauti mkutanoni, katika ukumbi wa Wafini, baada ya kahawa na mkate wa iliki. Ulikuwa mkavu, wewe usingeugusa. Nilipofika kwenye maneno "asisimame kwa jambo lolote," watu wote walimgeukia Pelletier, naye akatazama viatu vyake.

"Mwalimu," akaniuliza, "hivi huyo mdogo wako hakukosea hata siku moja?"

"Alikosea mwaka 1987," nikamwambia, "alipokukubali wewe uwe msaidizi wake."

Walicheka mpaka kikombe kikaanguka. Kisha Pelletier, ambaye ana moyo mwema hata kama hana mkono wa kazi, akasimama akapendekeza uwanja mpya uitwe kwa jina lako. Mikono yote ikanyooshwa. Niliombwa nitunge maneno ya kibao cha shaba kitakachowekwa mlangoni. Nimetunga. Sikutaka mapambo:

ARVO HAUTALA
MIAKA THELATHINI NA MMOJA
HAKUWAHI KUACHA TABAKA KATIKATI

Watu bado wanaisema ile barafu yako ya mwisho, ya Januari ya mwaka jana, uliyoimaliza siku ile ile ya msiba wa Helmi. Hakuna aliyeona nyingine kama ile, kabla wala baada. Nilitaka kuitaja kwenye kibao lakini herufi zingekuwa nyingi.

Mhandisi wa uwanja mpya, kijana anayetafuna bazoka hata anapozungumza na watu wazima, ameacha namba yake kama una swali. Najua huna. Tia sahihi urudishe. Zimebaki wiki saba.

Sylvi


Victoria
24 Februari 2012

Shangazi Sylvi,

Ni mimi, Marja. Nakurudishia karatasi kwa sababu baba amezitia ndani ya bahasha mwenyewe akaniomba nizipeleke posta. Nilizifungua. Hajatia sahihi. Hakuandika neno, na nilipomwuliza akasema, "Peleka tu, mama."

Sijui nikueleze nini. Analala, anaamka, anakula anachopewa na kusema asante. Akiulizwa kitu anajibu. Hajalia tangu mazishi ya mama. Hata siku ya mazishi sikumwona akilia. Mume wangu anasema ni mzee na ana huzuni, lakini mimi sioni huzuni. Naona mtu anayengoja basi.

Kuna jambo moja. Wiki iliyopita balbu ya jikoni ilianza kuharibika, ikawa inazimika na kuwaka. Tulikuwa mezani. Baba aliweka kijiko chini, akatoka nje bila koti, akasimama kwenye mvua katikati ya bustani akiutazama mlango. Nilipoizima taa alirudi, akakaa, akamaliza supu yake. Nilimwuliza, "Baba, ulikwenda wapi?" Akasema, "Nilichelewa."

Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Marja


Koivula
3 Machi 2012

Arvo,

Nimepokea bahasha yenye kila kitu isipokuwa jina lako.

Nilikufundisha kuandika jina hilo kwenye meza ya jikoni ya mama, ukiwa na miaka mitano, ulimi nje. Najua unaweza. Kwa hiyo ni kwamba hutaki, na mtu asiyetaka husema kwa nini.

Nitakusaidia. Unaona watakuja na zege lao na mashine yao, na kazi ya mikono yako itakuwa hadithi ya wazee. Hicho ni kiburi, Arvo. Nakifahamu kwa sababu ninacho. Nilipostaafu waliweka kompyuta mahali pa ubao wangu, na mwaka mzima sikupita barabara ya shule. Lakini sikuwazuia watoto wasisome.

Nimepigana kwa ajili yako. Nimewaambia hawatautupa mpira wako wa maji. Utawekwa ndani ya kabati la kioo pale kibandani, pamoja na kofia yako ya sufu nyekundu. Kibao kimeshaagizwa. Unataka nini zaidi? Sanamu?

Juzi jua lilitoka na uwanja ukawa maji matupu. Watoto walikaa kwenye benchi wamevaa viatu vyao vya kuteleza, miguu ikining'inia, hawana pa kwenda. Nikawauliza mnangoja nini. "Tunangoja babu Arvo atie sahihi," mmoja akasema. Hata wao wanajua ni nani anayezuia.

Karatasi nimekurudishia humu. Bado wiki nne.

Sylvi


Victoria
12 Machi 2012

Dada Sylvi,

Si kiburi. Nitakuambia mara moja, wala usinijibu.

Ilikuwa Ijumaa. Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, hakuna upepo, mbingu kavu. Hali kama hiyo huja mara mbili au tatu kwa majira. Nilianza tabaka saa kumi na moja kasorobo, kiza cha majira ya baridi kikiingia. Nilikuwa nimefanya theluthi moja taa ya jikoni ilipozimwa na kuwashwa mara mbili. Nikajua ni kahawa. Ikazimwa na kuwashwa tena. Nikajua kahawa inapoa. Ikaendelea. Sikuhesabu. Nilisema peke yangu kwa sauti, "Nimeona, mama, ngoja kidogo." Kisha ikazimika moja kwa moja. Nikafikiri amekasirika, na kwamba nikiingia nitamtania.

Nilimaliza tabaka. Nilifunga bomba. Nilikunja mpira, kwa sababu usipokunjwa maji huganda ndani yake na kesho hauna kazi. Niliutundika. Mlangoni nilipigapiga viatu nitoe theluji, nisije nikachafua sakafu.

Alikuwa chini, penye ukuta wa swichi. Birika lilikuwa kavu. Hakuwa ametia maji hata kidogo.

Daktari aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nje. Hakuuliza zaidi. Alisema moyo wake pengine ulichukua nusu saa kusimama. Tabaka moja huchukua dakika arobaini.

Ninyi mliamini kwamba alikufa usingizini kitini. Mimi sikusema hivyo. Alisema mtu mwingine, nami nikanyamaza. Wiki iliyofuata watoto walifanya mashindano yao juu ya barafu ile. Makaburini Pelletier alinishika mkono, akaninong'oneza, "Mzee, ni kama kioo." Alitaka kunifariji.

Kwa hiyo usiandike hayo kwenye shaba. Nilishayasoma jikoni siku ile.

Unasema nina kiburi. Ningekuwa nacho ningefurahi. Sina kitu. Marja akiniuliza kama nina njaa, natazama saa ili nijue. Sitii sahihi kwa sababu sitaki uwanja ule uwe na jina langu, na sitaki uwepo. Pakiota nyasi itatosha.

Arvo


Koivula
19 Machi 2012

Arvo,

Umesema nisijibu. Sijibu. Nakuambia langu.

Dirisha la jikoni kwangu linatazamana na la kwenu. Siku ile nilikuwa nimesimama hapo nikimenya viazi. Niliiona taa. Wewe hukuhesabu, mimi nilihesabu, kwa kuwa nimefundisha miaka arobaini na siwezi kuona kitu kikijirudia nisikihesabu. Ilikuwa mara kumi na moja. Nilimwambia paka, "Leo Helmi amechoka na yule mtu wake." Nikacheka. Kisha nikavuta pazia, kwa sababu mwanga ulikuwa ukiniumiza macho.

Kutoka mlango wangu hadi wenu ni hatua sitini.

Sikukuambia siku ya mazishi. Sikukuambia ulipokuwa ukifunga mizigo, nami nikikushikia kamba. Aliyesema kwamba alikufa usingizini kitini ni mimi. Nilimwambia mke wa Pelletier, na ilipofika jioni mji mzima ulikuwa unajua. Hata maneno ya kibao niliyaandika nikijua nilichokiona. Nilidhani barafu ile ikisifiwa na kila mtu, jioni ile itakuwa imezaa kitu cha maana, nami nitaweza kulifungua pazia. Sikujua kwamba nawe uliiona taa. Nilidhani mgongo wako ulikuwa umeelekea nyumba.

Nimemwambia Pelletier kibao kisitengenezwe. Akauliza sababu. "Sababu ni kwamba nimesema." Akasema, "Sawa, Mwalimu," akaenda zake.

Sikuombi sahihi tena. Tarehe 31 itapita kama tarehe nyingine.

Viazi vile nilivila.

Sylvi


Victoria
25 Machi 2012

Dada,

Kuhusu taa na pazia, nilidhani ningekasirika. Nikangoja siku mbili. Hakuna kilichokuja. Kama kitakuja baadaye nitakuandikia.

Wewe ulikuwa hatua sitini. Kutoka bombani hadi mlango wangu ni hatua arobaini na mbili. Nilizipima zamani nilipokuwa nikinunua mpira.

Jana nilimpigia simu yule mhandisi wako. Bado anatafuna. Nilimwuliza jambo moja tu.

"Kijana," nikasema, "mtu yuko katikati ya uwanja na hiyo mashine, akaitwa nyumbani. Inakuwaje?"

"Anakwenda, mzee."

"Na barafu?"

"Inamngoja. Ubaridi unatoka chini, kwenye zege, hautoki angani. Akirudi, mashine inaukwangua ukingo, anaendelea alipoishia."

"Hata akikaa saa nzima?"

"Hata akikaa mpaka kesho."

Nikamwuliza tena kwa maneno mengine, nione kama atabadilika. Hakubadilika. Akasema, "Mzee, una swali jingine?" Nikasema sina. Nilishika simu mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata. Marja alinichukua akanikalisha.

Miaka thelathini na mmoja, Sylvi, na dawa yake ilikuwa mabomba.

Karatasi zimo humu, kwa wino. Jina langu lisiwekwe mlangoni wala popote. Mpira usiwekwe kwenye kioo. Mpe mtu mwenye bustani. Kama lazima kiandikwe kitu, kiandikwe ndani ya mashine, mbele ya macho ya dereva, mahali ambapo watu wengine hawasomi:

UKIITWA, NENDA.

Arvo


Koivula
9 Desemba 2012

Mdogo wangu Arvo,

Sikukuandikia majira yote ya joto kwa kuwa hapakuwa na la kuandika isipokuwa vumbi. Walichimba, wakalaza mabomba, wakamwaga zege. Sasa kumekwisha.

Uwanja ulifunguliwa jana, Jumamosi. Nje palikuwa na nyuzi nne juu ya sifuri na matope mpaka mlangoni, na ndani ya kuta barafu ilikuwa ngumu. Mlangoni hapana kibao, ila karatasi ya Pelletier: "Bure. Atakayetoka mwisho azime taa." Wanauita tu uwanja. Yule binti mwenye jino la bandia alikuwa wa kwanza kuingia.

Saa kumi na moja jioni waliwatoa watoto ili barafu ilainishwe. Pelletier alipanda kwenye mashine kama askofu. Maneno yako yako mbele yake. Niliyabandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa kuwa macho yake yamepungua. Alikuwa amefika katikati ya uwanja, hasa katikati, mke wake alipoita kutoka barabarani.

"Gordon! Chakula!"

Watoto wakaanza kama zamani. "Mzee, unaitwa! Mzee, unaitwa!"

Alitazama mbele yake, pale palipoandikwa. Kisha akazima mashine, akashuka, akaiacha imesimama pale pale, akaenda nyumbani. Watoto wakamfuata kwa macho. Hawakujua wacheke nini. Mimi nilikaa kwenye benchi. Mashine ilikaa katikati ya uwanja dakika ishirini na tano, na hakuna kilichotokea.

Alirudi na mchuzi kwenye masharubu, akapanda, akaendelea alipoishia.

Alipomaliza nilivua glavu, nikaingia, nikapiga magoti pale katikati. "Mwalimu ameanguka!" wakapiga kelele. Nikawaambia wakae kimya. Nilipitisha kiganja juu ya barafu kutoka ukuta wa kushoto hadi ukuta wa kulia, polepole, mara mbili. Nilikuwa nikiutafuta ukingo, Arvo. Haukuwepo.

Mkono ulikuwa umekufa ganzi mpaka kiwikoni. Nilirudi nyumbani, nikakaa jikoni, nikitazama dirisha lenu. Pazia nililitoa mwezi Aprili. Baadaye mkono ukaanza kuuma. Unauma hata sasa ninapoandika, na sijataka kuupasha moto.

Dada yako,
Sylvi